Mbasa Ahesabiwe Kabla Ukuta Haujajengwa

Mazungumzo ya leo ni ya samaki na mabwawa ya umeme. Nitawaomba uvumilivu kidogo, kwa sababu katikati nitapiga hesabu, na hesabu ya redioni humtaka mtu atege sikio.

Songea mjini hatuna bahari wala ziwa, lakini maji yetu yanafika kote huko. Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro, hapa hapa jirani na mji, unashuka hadi mpakani na Msumbiji na kuishia Bahari ya Hindi. Luwegu nao unapata maji yake milima hiyo hiyo, unaelekea kaskazini, unakutana na Kilombero kwenye maporomoko ya Shughuli, na kuanzia hapo mto unaitwa Rufiji. Magharibi kuna Ruhuhu, unaomwagika Ziwa Nyasa kati ya Lituhi na Manda, na maji hayo baadaye hutoka ziwani kwa mto Shire kwenda Zambezi. Kwa hiyo mtu akifyeka msitu wa chanzo cha maji mkoani kwetu, au akiuacha uote tena, habari hiyo inawafikia samaki wa mabonde matatu.

Na mabonde yote matatu yana habari za umeme. Kwenye Ruvuma, masista Wabenedikto wa Chipole wana mtambo wao wa Tulila, megawati 5, ulioanza kazi mwaka 2015, wakati gridi ya taifa ilikuwa bado haijafika Songea na mji ulikuwa ukinguruma kwa jenereta za dizeli. Kwenye Rufiji kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, ukuta wenye kimo cha mita 131, lililoanza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022. Wataalamu wa bonde lile hukadiria kuwa Luwegu huchangia kiasi cha asilimia 18 ya maji ya Rufiji, kwa hiyo hata balbu ya mtu wa Tanga ina tone la kwetu ndani yake. Na kwenye Ruhuhu kuna mipango ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiandikwa na kuandikwa upya: Kikonge, megawati 300, bwawa la umeme pamoja na umwagiliaji, na Masigira, megawati 118.

Umeme tunautaka. Mkulima aliyewahi kulala na mahindi yake mashineni akisubiri umeme urudi hana haja ya kuhubiriwa faida ya megawati 300. Ninachodai mimi ni jambo moja. Kabla ukuta haujasimama Ruhuhu, mbasa wahesabiwe, mvua hadi mvua, ili siku mradi utakapotuahidi kwamba utarudisha mazingira na samaki wataongezeka, tuwe na kitu cha kuipimia ahadi hiyo.

Kwa nini mbasa? Watu wa Nyasa wanamjua, lakini nawaeleza walio mbali. Mbasa ni samaki mrefu, mweupe kama fedha, mwindaji, anayefukuza dagaa kwenye maji ya wazi ya ziwa. Hapatikani popote duniani isipokuwa katika Ziwa Nyasa na mito yake. Anaishi ziwani lakini hazai ziwani. Mvua zikinyesha na mito ikijaa, huingia mtoni na kupanda dhidi ya mkondo, akitafuta mahali penye maji yanayokwenda mbio, ya kina kifupi, yenye changarawe safi chini. Hapo ndipo anapotaga. Mayai yanazama katikati ya vijiwe, maji yanapita juu yake yakileta hewa, na vifaranga wakishapata nguvu wanashuka na mkondo kurudi ziwani. Wakikua, nao wanapanda.

Maisha kama hayo yana milango mingi, na kila mlango unaweza kufungwa na mtu tofauti. Pale mto unapoingia ziwani kuna makila na makokoro, na kila mvuvi anajua kwamba msimu wa mvua samaki wanakuja wenyewe, tena wakiwa wamejaa mayai. Ndani ya mto kuna nyuzio na migono. Kwenye mazalia kuna tope linaloshuka kutoka mashamba ya milimani, linafunika changarawe, na mayai yanakosa hewa. Ziwani kuna wawindaji wengine na nyavu za macho madogo. Ndugu zetu wa Malawi walikuwa na samaki wao, nchila, aliyekuwa na tabia hiyo hiyo ya kupanda mito wakati wa mvua. Hadi miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa samaki wakuu wa biashara katika ziwa hili. Miongo iliyofuata akaporomoka, akiandamwa kwa nyavu mlangoni mwa mito na kwa tope kwenye mazalia, na leo yumo katika orodha ya samaki walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ziwa ni lile lile na maisha yao yanafanana. Ndiyo maana habari za nchila hunipa hofu kila ninapofikiria mbasa.

Sasa njooni kwenye hesabu. Namba nitakazotaja nimezibuni ziwe nyepesi kichwani; msizichukue kama takwimu za Ruhuhu.

Tuseme majike 100 wa mbasa wamefika mlangoni mwa mto. Nyavu na migono zinawakamata 80. Wanaofika kwenye changarawe ni 20. Kila jike tumpe mayai 1,000, tupate mayai 20,000. Tope limetanda, kwa hiyo katika kila mayai 100 ni moja tu linalotoa kifaranga anayefika salama ziwani. Hao ni vifaranga 200. Ziwani nako kuna misukosuko. Katika kila kumi, mmoja ndiye anayekua hadi kuwa jike anayerudi mtoni. Majike 20. Kizazi cha kwanza walikuwa 100, kizazi cha pili ni 20.

Anakuja mfadhili. Anapanda miti kandokando ya vijito, wakulima wanasogezwa kutoka kingo za mto, tope linapungua. Mayai yanayookoka yanaongezeka maradufu, sasa ni mawili katika kila 100. Piga tena: majike 20 waliovuka nyavu, mayai 20,000, vifaranga 400, majike 40 wanaorudi. Miti imefanya kazi yake sawasawa. Mradi una haki ya kuandika kwamba kuokoka kwa mayai kumeongezeka mara mbili. Na samaki, wapendwa, wameshuka kutoka 100 hadi 40.

Jaribu njia nyingine. Acha tope kama lilivyokuwa, lakini wavuvi wakubaliane kupunguza nyavu msimu wa kuzaliana, zikamate 40 badala ya 80. Majike 60 wanapita, mayai 60,000, vifaranga 600, majike 60. Afadhali, lakini bado wanapungua.

Sasa fanya yote mawili kwa pamoja. Majike 60 wanapita, mayai 60,000, mawili katika kila 100 yanaokoka, vifaranga 1,200, majike 120 wanarudi. Hapo tu ndipo mto umeanza kuongeza samaki. Kila juhudi peke yake ilishindwa, na zikiunganishwa zimevuka mstari.

Kisha jenga ukuta. Tuseme theluthi mbili ya changarawe nzuri imebaki juu ya bwawa, ambako mbasa hawezi kufika tena. Majike 60 waliovuka nyavu wanabanana kwenye theluthi iliyobaki, wanatagia juu ya mayai ya wenzao, wanayafukua, na yanayopata nafasi ya kutulia kwenye vijiwe ni 20,000 tu. Mawili katika kila 100, vifaranga 400, majike 40. Tumerudi pale pale, pamoja na miti yetu yote na nyavu zetu zote tulizopunguza.

Watafiti wanaobashiri idadi ya samaki hufanya hesabu ya namna hii hii, ila kompyuta zao zina hatua nyingi zaidi, na hurudia maelfu ya mara, mara mwaka wa mvua nyingi, mara mwaka wa ukame, mara nyavu zikizidi. Mwisho hutoa jibu lenye upana: huenda samaki wakaongezeka kwa kiasi hiki, huenda wakapungua kwa kiasi kile, na uwezekano wa kila upande ni huu. Mtaalamu akija kijijini na namba moja tu, asilimia kadhaa ya ongezeko, bila upana wowote, mwombeni akae aeleze ameipataje.

Katika hesabu ile kuna jambo ambalo nataka nilikazie, kwa sababu ndilo linalosahauliwa zaidi katika miradi: mahali. Hekta moja ya mazalia iliyorudishwa chini ya bwawa na hekta moja iliyorudishwa juu ya bwawa hazina thamani moja kwa mbasa. Juu ya bwawa, maji safi yatawafaa samaki wanaoishi huko mwaka mzima, yatalifaa bwawa lenyewe lisijae mchanga mapema, yatamfaa mama anayechota maji kijijini. Hayo yote ni mema. Lakini mbasa aliyezuiwa na ukuta hatapata chochote humo, na isiandikwe popote kwamba miti ile ni fidia yake. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa la kuuliza Ruhuhu ni: mbasa anapanda hadi wapi? Kama mahali penye maporomoko marefu samaki alikuwa hapandi tangu enzi za mababu, ukuta ukijengwa juu ya maporomoko hayo haumnyang'anyi njia yoyote. Ukijengwa chini yake, kwenye njia anayoipita kila masika, unamnyang'anya sehemu kubwa ya mto. Hasara kwa samaki inategemea nafasi ya ukuta katika safari yake, na hilo halionekani kwenye idadi ya megawati.

Na chini ya ukuta nako kazi ni tofauti na kupanda miti. Fikirini jinsi umeme unavyotumika. Jioni watu wote wanawasha taa, wanapika, televisheni zinaanza, mtambo unafungulia maji mengi. Usiku wa manane mahitaji yanashuka, maji yanapunguzwa. Mto chini ya bwawa unapanda na kushuka kila siku. Samaki akitaga jioni ukingoni, kwenye maji ya kina kifupi kama apendavyo, alfajiri mayai yako juani. Mtu anaweza kupanda miti milioni kwenye vilima na isimsaidie samaki huyo hata kidogo. Kinachomsaidia ni ratiba ya kufungulia maji: kwamba wiki za kuzaliana mto usishuke chini ya kiwango fulani, na usishuke kwa kasi. Ratiba hiyo ina gharama, kwa sababu maji yanayofunguliwa saa ambazo umeme hauhitajiki sana ni fedha. Gharama hiyo inatakiwa kujulikana mapema na kuingizwa katika hesabu ya mradi, badala ya kuibuka baada ya mkataba wa kuuza umeme kusainiwa.

Kuna pia changarawe yenyewe. Mto wenye bwawa huacha mchanga na vijiwe vyake nyuma ya ukuta. Maji yanayotoka upande wa pili ni meupe na yana nguvu ya ziada, yanakokota vijiwe vilivyokuwepo, na hakuna vingine vinavyokuja kuziba pengo. Miaka ikipita, mazalia yanabaki mwamba mtupu. Kule California, kwenye mto Sacramento chini ya bwawa la Keswick, wamefikia hatua ya kumwaga changarawe mtoni kwa malori ili samoni wapate pa kutagia. Mwenye kubashiri hali ya samaki wa Ruhuhu miaka 20 baada ya bwawa lazima aiweke changarawe hiyo katika hesabu, tena aseme malori yatalipiwa na nani.

Mtu asije akanielewa kwamba nadharau upandaji miti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mita 60 hizo zikilindwa kwa kweli, tope hupungua. Tena mkoa huu hauhitaji kufundishwa na mgeni namna ya kulizuia tope. Wamatengo wa Mbinga walibuni ngoro kwenye miteremko mikali kabla ya mradi wowote wa hifadhi ya udongo. Wanafyeka majani, wanayapanga kwa mistari inayokatizana, wanayafukia kwa udongo, na katikati linabaki shimo. Mvua inanyesha, maji yanaingia shimoni, udongo unatulia, maji yanazama polepole. Mzee wa Litembo akilima ngoro yake vizuri anakilisha kijito kilicho chini yake maji safi, na safari ya maji hayo haiishii kijijini kwake. Ningependa sana kuona mtafiti wa samaki na mtafiti wa kilimo wanakaa meza moja, mmoja akipima tope linalotoka mlima wenye ngoro na mlima usio na ngoro, mwingine akipima mayai mangapi yanatotoa katika kila kijito. Huo ungekuwa ubashiri uliotoka kwenye udongo wetu wenyewe, na ungewapa wakulima sababu moja zaidi ya kutoacha kazi ngumu ambayo vijana wengi sasa wanaikwepa.

Tanzania tayari tuna somo kubwa la kurudisha makazi ya kiumbe kando ya bwawa, nalo ni chura wa Kihansi. Wengi mnamjua kwa mzaha, kwamba nchi imehangaika na chura. Mimi namchukulia kwa uzito. Alitambuliwa na wataalamu mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa umekwisha kupangwa. Alikuwa akiishi kwenye eneo dogo sana la bonde la Kihansi, katika Udzungwa, lililoloweshwa saa zote na manyunyu ya maporomoko. Mtambo wa megawati 180 ukaanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Wataalamu wakafunga mipira na vinyunyizio kurudisha ule unyevu. Mwaka huo huo wakachukuliwa vyura wapatao 500 kupelekwa kufugwa Marekani, kama akiba.

Vinyunyizio vilifanya kazi. Mimea ilirudi, vyura wakaongezeka, na katikati ya mwaka 2003 walikadiriwa kufika 20,000. Mtu angetoa ubashiri siku ile angesema shida imekwisha. Miezi michache baadaye hawakuonekana isipokuwa wachache. Kulikuwa na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura sehemu nyingi duniani, nao ulikuwa umefika bondeni. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kilichookoa mbegu ni ile akiba: vizazi vya waliopelekwa nje vilirudishwa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawapokea, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi.

Angalieni mafunzo yalivyopangana hapo. Makazi yalirudishwa kwa ustadi, na idadi iliitikia kama ilivyotarajiwa, hadi kitu ambacho hakikuwa kwenye hesabu kilipoingia. Waliookoa hali ni wale waliokuwa wameweka akiba kwa ajili ya wasichokijua. Kihansi, wasikilizaji, unamwaga maji yake Kilombero, na Kilombero unakutana na Luwegu wetu. Hatuwezi kusema ni habari za watu wa mbali.

Somo jingine ni la Nyumba ya Mungu, kwenye mto Pangani, bwawa lililokamilika katikati ya miaka ya 1960. Bwawa jipya linapojaa hufunika majani, miti na samadi, vyote vinaoza na kurutubisha maji, na samaki huzaliana kwa fujo. Mwaka 1970 walivuliwa zaidi ya tani 20,000. Watu wakahamia, vijiji vya wavuvi vikaota pembezoni. Miaka michache tu baadaye rutuba ile ikawa imekwisha, nyavu zimekuwa nyingi, na mavuno yakaporomoka hadi sehemu ndogo ya yale ya mwanzo. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba Kikonge itakuwa na uvuvi mzuri bwawani, huenda asikosee kwa miaka mitano ya kwanza. Tumuulize mwaka wa 15. Na tumuulize swali la haki pia: perege atakayevuliwa bwawani atamnufaisha mtu wa juu, wakati mbasa atakayekosekana atamuumiza mtu wa Lituhi na Manda. Ukijumlisha kilo za samaki wote pamoja hasara ya Lituhi haionekani, lakini mtu wa Lituhi ataiona mezani kwake.

Mbali kidogo na kwetu, jimbo la Oregon, Marekani, kuna kijito kiitwacho Bridge Creek. Maji yake huishia mto Columbia, na samaki wake wahamao lazima wapite mabwawa makubwa matatu kwenda baharini na kurudi. Watafiti walisimamisha nguzo za miti kijitoni ili kumsaidia mnyama wa huko anayejenga vizuizi vya magogo na tope, maji yakatulia, yakatanda kandokando. Uzalishaji wa samaki wachanga uliongezeka kwa zaidi ya maradufu. Kinachonivutia mimi zaidi ya ongezeko lenyewe ni jinsi walivyoweza kulisema kwa uhakika. Walihesabu samaki kabla ya kugusa chochote, na wakahesabu pia katika kijito kingine cha jirani ambacho hakikuguswa kabisa. Mwaka ukiwa wa mvua nzuri, vijito vyote viwili vinanufaika, na hiyo huitoi kama sifa ya mradi. Sifa ya mradi ni ile tofauti inayobaki. Na hata wao, ongezeko la samaki wachanga kijitoni hawakulichukua kuwa ndilo ongezeko la wazazi wanaorudi, kwa sababu kati ya hayo mawili kuna mabwawa matatu na bahari nzima.

Rufiji nitaigusa tu, maana inastahili siku yake. Kwenye uwanda wa chini kuna maziwa kama Zumbi, Ruwe na Uba, ambayo hupata maji mapya na samaki wapya mto unapofurika na kuyafikia. Aprili 2024 watu wa Rufiji na Kibiti waliteseka kwa mafuriko, mashamba yakazama, na hakuna anayewatakia tena. Lakini mto usipofurika hata kidogo, maziwa yale yanakatika na samaki wake. Kupanga mafuriko madogo, yenye tarehe inayojulikana na wakulima, ni kazi ya kurudisha makazi ya samaki ambayo haihitaji mche hata mmoja.

Turudi Ruhuhu nimalizie. Bahati tuliyo nayo ni kwamba mto bado uko wazi. Kihansi walianza kumjua chura mipango ikiwa imekwisha kuiva. Sisi tunaweza kuanza sasa. TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, wana kituo Kyela, kwenye ziwa hili hili. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ina jukumu la kupima mto. Vikundi vya usimamizi wa uvuvi, BMU, vipo kwenye mialo. Kinachotakiwa ni hawa kufanya kazi ya pamoja kuanzia Novemba mvua zinapoanza hadi zinapokata, mwaka hadi mwaka, na kwa maoni yangu isipungue miaka mitano, kwa sababu miaka miwili inaweza yote kuwa ya ukame ikatudanganya. Uchaguliwe pia mto mwingine unaoingia ziwani, usio na mpango wa bwawa, uhesabiwe kwa namna ile ile na siku zile zile. NEMC, chombo cha serikali kinachosimamia mazingira, inapopitia tathmini ya athari kwa mazingira, idai hesabu hizo, idai ramani inayoonyesha mbasa anafika wapi, idai ratiba ya maji ya chini ya ukuta, na iandike katika masharti ya cheti kwamba kuhesabu kutaendelea baada ya bwawa kujaa, kwa fedha za mradi.

Na ninyi wavuvi wa Lituhi na Manda msisubiri barua kutoka Dodoma. Nunueni daftari la kawaida la shule, likae kwa katibu wa BMU. Kila mara mbasa anapovuliwa msimu wa mvua andikeni tarehe, mahali, aina ya wavu na ukubwa wa macho yake, samaki wangapi, wangapi kati yao wana mayai, na maji siku hiyo yalikuwa meupe au ya tope. Siku ambayo hamkupata kitu, andikeni pia kwamba mlitega na hamkupata, maana siku hizo nazo zinahesabiwa. Mtafiti akija na kompyuta yake, mpeni nakala, na daftari lenyewe libaki kijijini.